Njia haina mwenyewe: barua ya wazi kwa wanaosimamia misitu, mito, madini na utalii wa Rungwe, Kyela na Ileje

Waheshimiwa,

Shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, mzaliwa wa Kyela, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu sikuona mlango mmoja wa kuipeleka. Msitu wa Ngozi una mwenyewe. Mto Kiwira una mwenyewe. Mlima Rungwe una mwenyewe, makaa yaliyo chini ya kilima cha Kabulo yana mwenyewe, na tangu mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya, hata vilima tulivyokuwa tukivihesabu vya nyumba moja viko chini ya wakuu wa mikoa wawili. Hilo si baya, mali isiyo na mwenyewe huibwa. Lakini njia anayopita mtu kutoka kimoja kwenda kingine, ile njia ya miguu yenye matope na mizizi, haina mwenyewe. Hilo ndilo nililokuja nalo.

Mwezi Machi mwaka jana niliwapeleka wanafunzi 32 wa kidato cha tatu kuona Ziwa Ngozi. Kosa la kuchagua Machi ni langu, na nimeshawaomba radhi wazazi wao. Tuliacha lami Isongole asubuhi, tukapita mashamba ya viazi, tukaingia msituni. Wanaopafahamu wanajua: mwanzoni unatembea chini ya migomba pori na miti mikubwa iliyovaa kuvu, unaongea, unacheka. Kisha mlima unasimama. Hatua za mwisho hupandi kwa miguu peke yake, unapanda na kwa mikono, ukishika mizizi na mianzi. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo ukawa kama sabuni.

Msichana mmoja aliteleza. Hakuanguka mbali, aliteleza urefu wa mtu na nusu, mkono wake ukanasa mwanzi mmoja mwembamba, akabaki ananing'inia huku viatu vyake vinatafuta pa kukanyaga. Mwanzi ule ulipinda hadi ukaanza kulia. Kabla sijamfikia, alinipita kijana wa kijiji, umri wa miaka 14 hivi, pekupeku, panga mkononi. Hakumvuta. Aliinama chini yake, akachimba ngazi mbili kwenye udongo kwa ncha ya panga, akaushika mguu wa msichana, akauweka juu ya ngazi ya kwanza. "Dada, kanyaga hapa. Sasa huu mwingine." Halafu akanigeukia: "Mwalimu, waambie wanisubiri kidogo." Akatangulia juu anachimba ngazi, moja baada ya nyingine, na watoto wangu wote 32 walipanda kwenye ngazi za kijana yule.

Juu kulikuwa na ukungu, hatukuona kitu. Tukasimama kwenye ukingo ambao upana wake ni kama mkeka wa watu wawili, nyasi zimening'inia upande wa ziwani hivi kwamba huwezi kujua ardhi inaishia wapi. Mimi na walimu wenzangu wawili tulinyoosha mikono tukawa ndio uzio. Kisha upepo ukaja, ukungu ukafunguka kama pazia, na Ngozi likaonekana chini kabisa, kijani iliyokolea, kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Wageni huambiwa linafanana na ramani ya Afrika. Watoto wangu hawakusema lolote. Nimefundisha miaka 11, sijawahi kuwaona watoto 32 wamenyamaza bila kuambiwa.

Tulilipa kiingilio kabla ya kupanda, na stakabadhi ninayo, imebanwa kwenye daftari langu la maandalio. Kijana wa panga nilimpa shilingi 5,000 kutoka mfukoni, kwa sababu hakuna aliyemtuma wala aliyemwajiri. Alikuwa anakata kuni.

Sipingi kiingilio. Nchi inahitaji fedha, na mtu anayekuja kutazama kitu kizuri alipe. Ninachosema ni kwamba fedha ilikaa upande mmoja wa geti na hatari ikakaa upande wa pili, na katikati yake akasimama mtoto na panga lake.

Waheshimiwa, naomba mnivumilie niongee kidogo kama mwalimu, kwa sababu nadhani sehemu ya tatizo ni kwamba eneo hili linaonekana kama vivutio vinne vitano vilivyotawanyika, kila kimoja na kibao chake. Ardhi yenyewe haiko hivyo. Ni hadithi moja, na inasomeka kwa kufuata mto.

Makaa ya mawe ya kwetu, yaliyolala kati ya mito Songwe na Kiwira, yalikuwa majani na miti ya mabwawa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla hata ya mijusi mikubwa ya dinosaria. Yakafukiwa, yakakandamizwa, yakasahauliwa. Baadaye sana ardhi ikapasuka likatokea Bonde la Ufa, na penye ufa pakatoka moto. Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni mlima wa moto huo. Miaka kama 4,000 iliyopita ulilipuka na kumwaga mawe mepesi ya povu eneo kubwa, na wakulima wa huku huyakuta mpaka leo wanapochimba choo au kisima. Ngozi nao ni mlima uliolipuka, kisha kichwa chake kikaporomokea ndani, na shimo likajaa maji. Kiejo, ule wa Busokelo, ulimwaga lava kwenye mwaka 1800 hivi, na wapo mababu walioshuhudia na kusimuliana. Hata leo ardhi haijatulia: chemchemi za maji moto ziko nyingi, wataalamu wanatafuta umeme wa jotoardhi Ngozi na bonde la Mbaka, na gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini Rungwe huvunwa na kusafirishwa, ikaishia kwenye chupa za soda mnazokunywa mikutanoni.

Kwa hiyo mtoto anaweza, kwa siku mbili tu, kushika mkononi jani la kale kuliko mnyama yeyote anayemfahamu, na kukanyaga jiwe ambalo mababu wa huku walishuhudia likimwagika likiwa moto. Sijui ni wapi pengine Tanzania unapopata mambo hayo mawili kwa nauli ya daladala.

Fuateni mto mwone. Kiwira unaanzia juu milimani, unashuka kusini ukikata mawe ya lava. Mahali fulani lava iliwahi kuulalia mto, ikapoa na kuganda juu yake, na maji yakaendelea kupita chini. Ndipo Daraja la Mungu. Tao la jiwe jeusi, majani yameota mgongoni mwake, na chini mto unapita bila haraka kana kwamba daraja halipo. Hakuna fundi aliyelijenga na hakuna nondo ndani yake. Si mbali na hapo maji yale yale yanapita Kijungu, na jina limeshasema yote: chungu kidogo. Mto mzima, ambao juu yake ungehitaji kuogelea ili uvuke, unabanwa na mwamba, unaingia kwenye shimo lenye umbo la chungu, unazunguka humo na kunguruma, kisha unaibukia upande wa pili umevurugika na kuwa mweupe kama tui. Mwamba wa pale umelainishwa na maji kwa miaka isiyohesabika na unateleza hata siku ya jua. Anayetaka picha nzuri husogea hatua moja mbele, na kila mtu anataka picha nzuri.

Kutoka hapo mto unatelemka. Baridi ya Tukuyu inaisha, ndizi na chai vinabaki nyuma, unaanza kuona mikokoa, halafu mashamba ya mpunga ya Kyela na harufu yake ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakukulia humo. Mwisho ni Ziwa Nyasa. Ukisimama Matema, ufukweni mwake, unaiona safu ya milima ya Livingstone imesimama wima kutoka majini, na Jumamosi wanawake wa Ikombe wanafika mnadani kwa mitumbwi iliyojaa vyungu. Na upande wa magharibi, kwenye vilima vinavyotazamana na Malawi ng'ambo ya Songwe, ndiko kuliko na makaa. Ndiko alikofanyia kazi baba yangu.

Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China na ukaanza kazi mwaka 1988. Ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi, uliopangwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, na ulikuwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Baba aliingia mwaka uliofuata. Nakumbuka alivyokuwa akirudi shifti ya usiku: meno meupe na macho meupe, mengine yote meusi, na mama amemwekea maji ya moto nyuma ya nyumba. Makaa yalikwenda kuchoma saruji, yakaenda viwandani, na sisi tukaenda shule. Mwishoni mwa miaka ya 2000 shimo likanyamaza. Sitaki barua hii iwe ya kufukua nani alifanya nini. Wapo waliolisemea hilo bungeni na mahakamani. Najua tu kwamba watu wazima waliojua kusoma paa la handaki kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake walirudi kulima mpunga, na baadhi yao kuendesha bodaboda. Miaka ya karibuni makaa yameanza kuchimbwa tena pale Kabulo, safari hii kwa kufukua juu, na mkaa mbadala unatengenezwa ili watu waache kukata miti. Hilo nimelifurahia kwa moyo wote. Lakini mashine za kufukua juu hazihitaji watu wengi kama lile shimo, na wale wa zamani wameshazeeka.

Sasa niwaambie nilichokiona mwaka juzi.

Walikuja wanafunzi wawili wa chuo kikuu wanaosomea miamba. Walikuwa na nyundo zao, ramani na simu yenye mitambo yote ya kuonyesha mahali. Walikuwa wametafuta tabaka la makaa linaloonekana juu ya ardhi kwa siku nzima bila kulipata. Jirani akawaambia, nendeni kwa mzee. Baba hakuuliza maswali. Alivaa kandambili, akachukua fimbo, akawapeleka kwenye kijito kimoja ambacho nimekivuka maisha yangu yote nikienda kwa shangazi. Akainama, akafuta udongo kwa kiganja. Pakatokea mstari mweusi, unene wa ngumi mbili, umelala kati ya mawe ya kijivu kama siagi ndani ya mkate. Akavunja kipande chembamba cha jiwe la juu yake, akakipasua kwa kucha, akakigeuza kwenye jua. Kulikuwa na jani. Umbo zima la jani, na mshipa wake wa katikati.

"Hili lilikuwa jani," baba akasema. "Na hili jeusi nalo lilikuwa majani. Sisi tulikuwa tunachimba msitu."

Wale vijana waliandika. Mmoja aliuliza kama anaweza kumrekodi. Baba akaongea saa nzima, jinsi makaa mazuri yanavyong'aa na mabaya yanavyochafua mkono, jinsi unavyonusa hewa ya shimo kabla hujaiamini, na jinsi Wachina walivyowafundisha kuweka magogo ya kuzuia paa. Darasa la sita, huyo. Wakati wa kuagana walimpa asante na mkono. Ni vijana wazuri, hawakuwa na cha kutoa, wala siwalaumu. Lakini nilipomtazama baba akirudi na fimbo yake niliona mtu aliyenyooka mgongo, na sikuwa nimemwona hivyo kwa zaidi ya miaka 10.

Ninaye dada yangu aliyeolewa Uingereza, huko Wales. Wikendi moja mumewe alimpeleka Blaenavon, mji wa makaa na chuma. Kuna mgodi unaitwa Big Pit. Ulifungwa mwaka 1980, na badala ya kuuacha uzibwe na nyasi waliufungua tena mwaka 1983 kwa wageni. Mwaka 2000 eneo lile likaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Dada alinipigia simu usiku, analia. "Kaka, leo nimeshuka shimoni kama baba." Alivalishwa kofia ngumu na taa ya kichwani. Aliacha juu simu, saa, na chochote kinachoweza kutoa cheche. Wakaingia kwenye kizimba cha chuma, wakashushwa mita 90. Na aliyewaongoza alikuwa mchimba makaa. Si mtu aliyesomea kuongea na watalii: ni mtu aliyefanya kazi shimoni, na sasa analipwa kueleza kazi ile. Waliposimama katikati, aliwaambia wazime taa zote ili wajue giza la chini ya ardhi likoje. "Kaka, sikuuona mkono wangu. Baba alikuwa anakaa humo saa nane?"

Simaanishi tuwashushe watu kwenye shimo la Kiwira. Tafadhali msinielewe hivyo. Shimo lililokaa miaka bila matunzo lina gesi, lina maji, paa lake haliaminiki, na baba mwenyewe anasema hatakubali mtoto wa mtu aingie. Zibeni midomo ya mahandaki ya zamani vizuri na wekeni uzio, kwa sababu watoto wachunga ng'ombe ni wadadisi. Ninachosema ni kwamba juu ya ardhi kuna vya kutosha: mitambo iliyosimama, tabaka kwenye kijito, kilima ambacho ukipanda unaona bonde la Songwe lote na milima ya Misuku upande wa Malawi, na wazee wanaojua. Mitambo ile isiuzwe vyuma chakavu vyote. Bakizeni hata kitoroli kimoja cha kubebea makaa, kiwekeni pale juu kwenye kilima, mtu asimame hapo aelewe anatazama nini.

Wasomi wanaoona kwamba wazee na vijana wa vijijini hawana cha kufundisha niwakumbushe kipunji. Mwaka 2003 watafiti walikuwa Mlima Rungwe, wakasikia wawindaji wakimtaja mnyama anayeitwa kipunji. Wangeweza kudhani ni hadithi. Waliwafuatilia, wakamkuta: kima mwenye sharubu ndefu na nywele zilizosimama kichwani, ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote. Alitangazwa mwaka 2005, na baadaye ikaonekana ni jamii ya peke yake kabisa. Leo Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, na kipunji anajulikana duniani. Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Ujuzi ulikuwepo kijijini. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza.

Basi ombi langu. Ipeni njia mwenyewe.

Kaeni pamoja, wa msitu, wa mto, wa madini, wa halmashauri zote tatu na wa mikoa yote miwili, hata kama ni siku moja, na mteue mtu mmoja ambaye njia yote hii kutoka Ngozi hadi Matema kupitia Kiwira na vilima vya makaa itakuwa mkononi mwake. Simaanishi kamati, maana kamati tunazo. Mtu, mwenye jina na namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango la kila kituo, ambaye ngazi ikioza anapigiwa yeye.

Na kazi yake ya kwanza isiwe hoteli. Najua hoteli inapendeza kwenye picha za uzinduzi. Mtalii wa kwetu kwa sasa ni mwanafunzi, ni familia ya Mbeya mjini iliyotoka Jumapili, ni Mzungu mwenye begi mgongoni anayelala Tukuyu na kula ndizi nyama, ni dereva wa lori la Malawi anayetaka kupumzika. Hawa wanahitaji ngazi za magogo kwenye ule mteremko wa mwisho wa Ngozi, na kamba ya kushika. Wanahitaji jukwaa dogo la mbao kwenye ukingo, lenye uzio unaofika kifuani, ili mtu auegemee badala ya kuegemea upepo. Kijungu wanahitaji mstari wa vyuma imara kabla ya pale mwamba unapoanza kuteleza. Wanahitaji choo chenye mlango, na nasema hili nikiwa mwalimu aliyewahi kusafiri na wasichana 19 siku nzima. Pale ardhi inapotoa gesi wanahitaji kibao kinachosema kwa Kiswahili na Kinyakyusa kwamba hewa ile ni nzito, hukaa mabondeni, haina harufu, na kwamba ndege aliyekufa shimoni bila jeraha ni onyo.

Daraja la Mungu liacheni kama lilivyo. Hapa nina wasiwasi wa kweli. Mkianza kulitengeneza, mtalimaliza. Wekeni mahali pa kutazamia kwa mbali kidogo, pembeni, na mwisho iwe hapo. Msilipake rangi na msilijengee kibanda mgongoni. Jiwe lile limebeba mto na miti bila msaada wetu.

Halafu watu. Wafundisheni vijana wa Isongole na wa vijiji vya kando ya mto: huduma ya kwanza, kamba, historia ya miamba, lugha kidogo. Wapeni kitambulisho na bei inayojulikana, ili mgeni asibabaishwe na kijana asidhulumiwe. Upande wa makaa watafuteni wachimbaji wa zamani waliobaki, wawe walimu wa hao vijana kabla hawajaondoka na yaliyomo vichwani mwao. Mwaka huu tu, katika mtaa wetu, tumezika wawili. Na sehemu ya kila kiingilio ibaki kijijini, iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya kijiji kwa tarakimu zinazosomeka: kimeingia kiasi gani, kimetengeneza nini. Mama anayeuza parachichi na mahindi ya kuchoma njiani akiona ngazi ya magogo imetokana na geti, atailinda ngazi ile kama mlango wa nyumba yake.

Nimeambiwa na rafiki mmoja aliye ofisini, kwa nia njema, kwamba mambo haya yanahitaji bajeti, upembuzi yakinifu, na subira. Naamini kuna sehemu inayohitaji hayo yote. Lakini ngazi 40 za udongo zilichimbwa Machi ile na mtoto mmoja mwenye panga, muda ambao mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kuwatuliza wanafunzi. Zile za magogo hazihitaji miaka mingi.

Ninawaalika. Shule zikifungwa mwezi wa sita mvua zinakuwa zimekatika na njia imekauka. Jumamosi ya kwanza ya likizo nitakuwa Isongole saa moja asubuhi, pale mnapoacha lami, na nitafanya hivyo hata akija mmoja tu kati yenu. Vaeni viatu vya kukanyagia. Kijana wa panga nimeshamtafuta, yuko darasa la saba sasa, amekubali kutangulia, na safari hii analipwa. Tukitoka Ngozi tutateremka na mto hadi Kyela. Baba magoti hayamruhusu kupanda, lakini amesema atakuwa kijitoni jioni, na kile kipande cha jiwe chenye jani amekihifadhi kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, hataki mtu akiguse mpaka mje.

Wenu mtiifu,

Mwalimu, mtoto wa mchimba makaa
Kyela